Baiskeli ya Mwinjilisti Yoramu

Gari lililokuwa likiwabeba wafanyakazi wa kiwanda cha mbao lilikoma mwezi wa tano, bila maelezo. Asubuhi moja watu kumi na wawili walisimama njia panda kama kawaida yao, mikono kwapani kwa baridi, wakangoja mpaka jua likawa juu ya miti, na gari halikuja. Kesho yake wakakuta tangazo getini: kuanzia sasa kila mfanyakazi atajitafutia usafiri, na atakayechelewa mara tatu asimlaumu mtu.

Mika Mtewele alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kazi yake pale kiwandani Makambako ilikuwa kupanga mbao kwa daraja. Aliinua ubao mmoja mmoja, akaulenga kwa jicho kama mtu anayelenga bunduki, kisha akasema: huu umenyooka, huu umepinda, huu una fundo. Miaka kumi na tisa alifanya hivyo, na hakuna mteja aliyewahi kurudisha ubao ambao Mika alisema umenyooka. Kijiji chake kilikuwa kilomita kumi na moja kutoka kiwandani, upande wa barabara ya Njombe. Kwa miguu ni zaidi ya saa mbili. Bodaboda za kila siku, kwenda na kurudi, zingeula mshahara zikabakiza mifupa.

"Kuna baiskeli ya baba," alimwambia mkewe jioni ile.

Judith akaacha kumenya viazi. "Ile iliyoko kwa wifi? Baba Jane, ile si imeshakuwa chuma chakavu?"

"Chuma kinasafishika."

Jumamosi akapanda basi kwenda Njombe mjini kwa dada yake Erica. Baiskeli yenyewe ilikuwa Raleigh nyeusi ya marehemu baba yao, Yoramu, mwinjilisti aliyesomea chuo cha Biblia cha Kidugala na kuzunguka nayo mitaa ya usharika wake kwa zaidi ya miaka thelathini, akifundisha kipaimara na kuzika watu. Watoto wa enzi zile walikuwa wakisikia kengele yake bondeni, wanakimbia kuosha nyuso.

Erica alimwongoza hadi banda la kuku nyuma ya nyumba. "Chukua tu," alisema. "Kuku wamelala juu yake tangu mzee afariki. Nikiiuza kwa wanunua vyuma nasikia kama nauza mguu wake."

Tairi zilikuwa zimeoza. Cheni ilikuwa imegandamana kwa kutu, ukiishika inasimama kama fimbo. Panya walikuwa wameitafuna ngozi ya kiti. Mika aliinama kuivuta, na mguu wake wa kushoto ukatumbukia ndani ya beseni la maji ya kuku lililokuwa waziwazi kando yake.

Erica alimtazama. "Mika, wewe unaona vizuri?"

"Giza la humu bandani," alijibu haraka.

Banda halikuwa na giza. Mlango ulikuwa wazi na jua la saa tano lilikuwa likiingia mpaka ukutani.

Majibu ya namna hiyo alikuwa ameshayazoea. Mwaka uliotangulia, wataalamu wa macho walikuja kijijini, wakapima watu bure kwenye uwanja wa kanisa. Mika alipanga foleni kwa sababu wenzake walipanga. Muuguzi alimpima mara ya kwanza, akampima tena, kisha akashusha sauti. "Baba, macho yako yana presha. Ni ugonjwa usiouma, ndiyo ubaya wake. Nenda kliniki ya macho Njombe wiki ijayo, usichelewe hata kidogo." Akampa karatasi. Mika alirudi nayo nyumbani huku akiwaza jambo moja tu: mtu anayepanga mbao kwa jicho akisikika ana ugonjwa wa macho, kazi ataifanya na nini? Judith alikuwa shambani. Akaitia karatasi jikoni, kwenye moto wa maharage, akakoroga makaa mpaka ikaisha.

Hakumwambia mtu yeyote. Na kwa kweli alikuwa akiona. Ubao aliouweka mbele ya jicho aliuona mpaka nyuzi zake. Vitu vya pembeni ndivyo vilivyoanza kumtokea ghafla: mwimo wa mlango, ndoo, mtu anayemsalimia ambaye hakumwona akifika.

Alipoileta baiskeli nyumbani aliipindua juu ya magunia uani, akaanza. Alikuwa na jioni zake, Jumamosi mchana na Jumapili baada ya ibada. Cheni aliiloweka kwenye mafuta ya taa siku nne, akaisugua kwa mswaki wa zamani pingili kwa pingili mpaka ikakubali kujikunja. Akafungua ekseli, akatoa gololi zilizokula kutu, akazipanga kwenye kifuniko cha ndoo. Akakwangua fremu kwa msasa, na chini ya uchafu wa kuku rangi nyeusi ikatokea, na juu ya rangi mstari mwembamba wa dhahabu ambao hata yeye alikuwa ameusahau.

Vipuri alivifuata kwa Marcelino, fundi baiskeli aliyekaa karibu na stesheni ya reli Makambako. Marcelino alikuwa mtu wa umri wake, mwenye vidole vilivyojaa makovu, na aliipenda kazi ile kuliko alivyoonyesha.

"Spoki za hii huzipati siku hizi," alisema, akiizungusha rimu ya nyuma. "Nitakukatia za Phoenix, nitazitengenezea uzi upya. Lakini kunyoosha rimu sina muda, niachie wiki mbili."

"Nitanyoosha mwenyewe."

"Wewe? Kunyoosha rimu si kupiga misumari, mzee mwenzangu."

Mika akachukua ufunguo wa spoki, akaketi kwenye kigoda, akaizungusha rimu mbele ya uso wake. Aliitazama inavyoyumba, akakaza spoki hii nusu mzunguko, akalegeza ile robo. Saa nzima alifanya hivyo. Alipomaliza, rimu ilizunguka kama maji, bila kutikisika hata unywele. Marcelino alipiga mluzi wa chini. Kisha akamnyooshea spana upande wa kushoto ili afungie ekseli, akangoja. Mika hakuipokea.

"Mzee. Spana."

Mika akashtuka. "Nilikuwa nawaza."

Marcelino alimtazama kidogo zaidi ya kawaida.

Ile rimu ndiyo iliyomdanganya. Alirudi nyumbani moyo wake ukiwa mwepesi kama haujawahi kubeba siri. Mtu anayeona mtetemo mdogo namna ile, ana ugonjwa gani wa macho? Labda muuguzi yule alikosea. Labda macho yamepona yenyewe, maana homa nazo huja zikapita. Kila spoki aliyokaza ilikuwa ushahidi, na alizikaza zote. Wiki ile alifunga breki mpya, akashona kiti kwa ngozi ya mbuzi, akatia madigadi na karia. Kengele ya baba yake aliifungua, akakuta ndani imejaa utando wa buibui, akaipiga mswaki, akatia tone la mafuta. Ilipolia, Judith alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi.

"Ndiyo ileile!" alisema, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Nimemsikia baba mkwe kabisa."

Mika akampakia kwenye karia wakazunguka uwanja wa kanisa mara mbili, watu wakapiga makofi. Judith alikuwa amemshika kiunoni. Kwa miezi mingi hawakuwa wamecheka pamoja namna ile, na baadaye, alipokuwa akitafuta mahali ambapo angeweza kusema ukweli, alirudi mara nyingi kwenye uwanja ule. Angeweza kusimamisha baiskeli na kumwambia palepale. Lakini aliendelea kukanyaga pedeli.

Wiki ya kwanza alifika kazini kabla ya geti kufunguliwa. Aliondoka alfajiri kunapopambazuka, akapita njia ya vumbi kati ya mashamba ya viazi na misitu ya miwati, akaingia lami mbele. Baridi ya mwezi wa saba ilimchoma masikio, na mapafu yalikuwa yakijaa hadi chini. Danford, msimamizi wake, alimshika bega. "Mzee Mika, umerudi ujana. Hawa vijana wanachelewa na wanakaa mjini!"

Siku ya nne bodaboda mmoja alitokea barabara ya pembeni, akafunga breki mpaka akalala chini. "Mzee, huoni?" alifoka, akijipangusa magoti.

"Ukungu, kijana wangu. Pole sana."

Kijana akatazama huku na huku. Anga lilikuwa jeupe, milima yote inaonekana. "Ukungu uko wapi?" alisema. Akainua pikipiki yake, akaenda zake akitikisa kichwa.

Mika alibaki ameishika baiskeli. Wakati ule alijua. Hata alipokuja kujitetea mwenyewe moyoni, hakuweza kufuta hilo: siku ya nne alijua. Alitembea kwa miguu akiikokota baiskeli nusu kilomita. Kisha akatazama saa, akaona atachelewa, akapanda.

Alhamisi ya wiki ya pili, kulipokuwa kumepambazuka, kulikuwa na ukungu kidogo, ule wa kulala bondeni tu. Alikuwa akiteremka njia ya vumbi kabla ya lami, mahali ambapo vijia vya mashamba vinaingia kutoka kushoto. Hakuona kitu. Alisikia tu kishindo, usukani ukampiga kifuani, naye akajikuta kwenye majani ya kando. Alipoinuka aliona kwanza jembe. Kisha akaona kitenge.

Alikuwa Bibi Hulda, mjane wa miaka sabini na miwili, jirani wa nyumba ya nne kutoka kwake. Ndiye aliyempokea Jane, mtoto wao wa pekee, siku mvua ilipokata daraja na Judith akajifungulia nyumbani. Alikuwa amelala ubavu, mguu mmoja umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

"Nani huyo?" aliuliza, sauti yake ndogo lakini tulivu.

"Ni mimi, Bibi. Mika."

"Mika wa Yoramu." Alivuta pumzi kwa shida. "Mika, mimi nilikuona. Nilikuona tangu juu kule. Nikajua na wewe umeniona. Nikasimama nikupishe, ukaja palepale niliposimama."

"Bibi, nisamehe. Bibi—"

"Mbona hukupiga kengele?"

Mtu hupigia kengele anachokiona. Mika akavua koti akamfunika, akapiga kelele za kuita watu mpaka sauti ikakauka.

Walimpeleka hospitali mjini Makambako kwa gari la mfanyabiashara wa viazi. Nyonga ilikuwa imevunjika. Mwanawe, Fredy, seremala wa miaka thelathini na tano, alifika akiwa bado na vumbi la mbao kichwani. Askari wa barabarani naye akaja na daftari lake. Mika alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, amejiandaa kusema. Askari akamgeukia kwanza mgonjwa.

"Bibi, ilikuwaje?"

Bibi Hulda alimtazama Mika. "Ukungu," alisema. "Tulikutana kwenye ukungu. Hakuna mwenye kosa."

"Hatuna kesi, afande," Fredy akasema. "Huyu ni baba yetu."

Askari akafunga daftari. Na Mika, ambaye maneno yalikuwa yamefika kooni, akayameza.

Kila jioni alikwenda kumtazama, kwa miguu, akitoka kazini. Alipeleka uji, alipeleka machungwa. Alingoja wapate kuwa peke yao, lakini daima kulikuwa na mtu kando ya kitanda. Siku moja walibaki wawili dakika chache. Mika akainama. "Bibi, kwa nini ulisema vile?"

Bibi Hulda alikuwa amekonda, macho yamezama. "Nimewapokea watoto wengi hapa duniani," alisema. "Sikutaka kumaliza kwa kumpeleka mmoja polisi." Akafumba macho. Akaongeza, bila kuyafumbua: "Lakini wewe nenda ukatazamwe macho, Mika. Nenda wiki hii."

Hakwenda wiki ile. Wiki iliyofuata kifua cha Bibi Hulda kilijaa maji, na siku ya kumi na tisa tangu aanguke akafariki.

Kwenye maziko umati ulijaa hadi barabarani. Baada ya mchungaji kumaliza, Fredy aliomba kusema. "Nasikia wapo wanaonong'ona juu ya Baba Mika," alisema. "Naomba msimtenge. Mama mwenyewe alisema ni ukungu, na ukungu ni wa Mungu." Kisha akashuka akamkumbatia Mika mbele ya watu wote, na watu wakasema amina. Mika alisimama ndani ya mikono ile kama mti mkavu. Judith alikuwa kando yake akilia kwa shukrani.

Jumatatu iliyofuata akamwambia Judith waende Njombe, ana shida ya macho. Hakueleza zaidi. Kwenye kliniki daktari alimfunika jicho moja, akamwambia atazame puani kwake moja kwa moja, kisha akachezesha kidole pembeni. "Unakiona?"

"Bado."

Kidole kikasogea. "Sasa?"

"Bado."

Judith, aliyekuwa ameketi ukutani, alikiona kile kidole kikija, kikija, mpaka karibu na pua ya daktari ndipo mumewe akasema sasa. Akafunika mdomo kwa khanga.

"Presha imeubana mshipa wa jicho," daktari alieleza. "Hula kutoka pembeni kuja katikati. Kilichokwenda hakirudi, baba. Nitakupa dawa ya matone ya kulinda hicho kidogo kilichobaki, utaitumia maisha yako yote. Ungekuja mwaka jana tungekuwa tunazungumza mengine. Na barabarani usiendeshe kitu chochote, hata baiskeli."

"Hakuna aliyemwambia mwaka jana," Judith alisema kwa kumtetea.

Daktari akamgeukia Mika. Mika aliyatazama magoti yake.

Ndani ya basi la kurudi Makambako ndipo akamwambia yote: uwanja wa kanisa, muuguzi, karatasi, moto wa maharage. Judith alisikiliza huku akitazama dirishani, misitu ikipita. Walipofika kwenye mizani ya malori ndipo aliposema.

"Miaka ishirini na sita tumelala kitanda kimoja. Ungeniambia mimi."

"Niliogopa kazi."

"Bibi Hulda angekuwa shambani kwake sasa hivi," alisema Judith.

Siku ya tatu Mika alikwenda kwa Fredy. Alimkuta kwenye nyumba ya mama yake, akipigilia mbao madirishani kuifunga.

"Karibu, Baba. Kamwene."

"Kamwene," Mika aliitikia salamu. "Fredy, shuka kidogo."

Fredy akashuka ngazi, nyundo mkononi. Mika alikuwa amepanga maneno mengi njiani, yakamwishia yote. "Siku ile hakukuwa na ukungu wa kumficha mtu," alisema. "Mimi macho yangu ni mabovu. Nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Mwaka mmoja na zaidi."

"Na ukatengeneza baiskeli. Ukapanda."

"Nikapanda."

Fredy akaiweka nyundo juu ya ukingo wa dirisha, polepole. "Mama alijua?"

"Aliniambia palepale tulipoanguka, kwamba alisimama anipishe. Kisha askari alipouliza akasema ukungu."

Fredy aliketi kizingitini. Mikono yake ilining'inia katikati ya magoti. Alipoinua uso hakuwa na hasira, na Mika angeipendelea hasira.

"Baba Mika, mimi nilikuwa nimeshamzika," alisema. "Nilikuwa nimeanza kulala. Leo umekuja kumfukua ili wewe upate nafuu. Umepata?"

"Hapana."

"Basi nafuu tumeikosa wote. Nenda nyumbani."

Kazini alimwambia Danford mwenyewe. Danford alisikitika kweli, akamweka mpaka mwisho wa mwezi, akamtafutia mrithi wa kumfundisha kazi. Mika alimfundisha mtu yule namna ya kulenga ubao, siku kumi na nne, akaaga. Baiskeli, iliyochukuliwa siku ya ajali, ilikuwa bado ofisi ya kijiji. Mwenyekiti akairudisha, na rimu yake haikuwa imepinda hata kidogo. Mika akamwita Marcelino aje aichukue.

"Nimpe nani?" Marcelino aliuliza.

"Umpe yeyote. Usiniambie ni nani."

Sasa Mika anakwenda shambani na mkewe. Anachimba viazi kwa mikono, mstari ulio mbele yake, na Judith anapita nyuma yake akiokota alivyoviacha pembeni. Asubuhi na jioni Judith anamtia matone, anamshika kidevu, anamwambia tazama juu, tone la kwanza, tone la pili. Hamkaripii. Maneno yao yamebaki machache, ya chumvi na ya kuni.

Juzi walikuwa wakirudi na magunia. Judith akasimama ghafla kwenye kijia, akampisha mtu. Mika akasikia hatua zikipita upande wake wa kushoto, karibu kiasi cha kusikia pumzi, zikaendelea.

"Nani huyo?" aliuliza.

"Fredy."

"Amesalimu?"

Judith akalihamisha gunia begani. "Alikuwa mbali," alisema.

Kijia kile hakina upana wa hatua mbili. Mika akainama, akaendelea kumfuata mkewe.